Jiwe la Mji Ambao Haupo Tena

Kensington, Johannesburg
Jioni, kesho unaondoka

Neema, binti yangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na mama yako yuko jikoni anafunga sombe, yale majani ya muhogo, kwenye mifuko ya plastiki, ingawa nimemwambia mara tatu kwamba watakunyang'anya uwanja wa ndege. Habari za koti, soksi, dawa na namna ya kuishi na baridi ya Ayalandi ameshakupa zote, na kesho kwenye gari atakupa tena. Mimi sitazigusa. Nina jambo jingine, na nimelichelewesha mpaka imebaki jioni moja.

Soma polepole. Najua Kiswahili unakisikia vizuri kuliko unavyokisoma, na ukifika mahali pagumu utasema "eish, Papa" uruke mstari. Safari hii usiruke. Ningeweza kukuandikia kwa Kiingereza, lakini Kiingereza changu ni cha kazini, cha kupokea oda na kuomba radhi. Hakinifai kwa haya.

Unakumbuka siku ulipokuwa unajaza fomu za ile hospitali inayokuajiri? Ulikuwa mezani, ukauliza bila kugeuka: "Papa, wanataka magonjwa ya ukoo. Bibi alikufa na nini? Ilikuwa malaria, si ndiyo?" Nikasema, "Ndiyo, malaria." Nilikuwa nyuma yako na kikombe cha chai mkononi. Nikaiona kalamu yako ikiandika lile neno kwa mwandiko wako mzuri wa kinesi, kwenye karatasi ya serikali ya nchi nyingine. Uongo wangu ulikuwa umekaa humu nyumbani miaka yote. Siku hiyo niliuona unapanda ndege.

Mama yangu hakufa na malaria. Ngoja nianze mbali kidogo, kwa sababu nikianzia hapo sitafika.

Unajua kazi yangu, lakini nadhani hujui jinsi ilivyonikuta. Kwetu Uvira, kando ya ziwa, nilikuwa fundi redio. Nilipofika Johannesburg nililinda milango ya maduka, kisha mtu wa kanisani akanipeleka kwenye karakana ya mawe ya makaburi kule Troyeville. Nilianza kwa kusukuma mkokoteni. Bosi alipoona mkono wangu umezoea vitu vidogo akanipa patasi, na mpaka leo ninachonga herufi. Wateja wetu wengi ni Wayahudi. Herufi zao huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, na mimi sizisomi. Ninapewa karatasi iliyochorwa, ninaibandika juu ya jiwe, ninafuata mstari. Nimewaandika mamia ya watu bila kujua hata mmoja anaitwa nani.

Kwenye makaburi yao kuna sehemu moja iliyonishangaza tangu mwanzo. Mawe yamesimama safu kwa safu, yamebanana hivi kwamba kati ya moja na jingine hupitishi hata toroli. Nikamwuliza bosi, "Hawa walizikwa wamesimama?"

Hakucheka. Akasema, "Hapo chini hakuna mtu. Kila jiwe ni mji."

Akanieleza kidogo, kwa maneno machache kama kawaida yake. Babu na bibi za Wayahudi wengi wa hapa walitoka Lithuania, kwenye miji midogo. Waliobaki kule, wakati wa vita vile vikubwa vya pili vya dunia, waliuawa, mji mmoja baada ya mwingine, wakaachwa kwenye mashimo msituni. Waliokuwa wamefika Johannesburg hawakuwa na kaburi la kwenda. Wakasimamisha jiwe hapa, wakaandika jina la mji, na kila mwaka wanakuja kusimama mbele yake. Baadhi wameongeza chini yake majina ya ndugu zao.

Nikasema "ahaa," nikaendelea na kazi. Nilikuwa hodari sana wa kusema "ahaa" siku hizo.

Sasa nikurudishe Berea. Tulikuwa tunakaa chumba kimoja kwenye fleti ya familia nne, pazia katikati. Wewe ulikuwa darasa la tatu. Mwalimu wenu aliwapa kazi ya kuchora mti wa ukoo, na ulikuja nao umeshachora matawi yote kwa kalamu ya kahawia, umeacha tu nafasi za majina. Ukaniambia, "Papa, sema."

Nilifungua mdomo nikataja Bibi Eliza. Shangazi Tereza. Baba mdogo Yohana. Majina yalitoka kirahisi sana, kwa sababu hayakuwa ya mtu yeyote. Eliza alikuwa mama mmoja aliyeuza nguo za mitumba karibu na robot ya kwanza, zile taa za barabarani, chini ya jengo letu. Wewe ukaandika, ukapaka rangi, kisha ukauliza swali ambalo sikulitegemea: "Shangazi Tereza alikuwa anapenda nini?"

Nikakufokea. Nadhani unakumbuka, maana watoto wa fleti nzima walinyamaza. Nilisema, "Waliokufa wamekufa! Andika ulichoambiwa, ulale!" Ulikunja karatasi yako ukaenda upande wa pili wa pazia. Mti huo ulibandikwa ukutani darasani, mwalimu akaupa nyota. Na tangu siku hiyo, Neema, hujawahi kuniuliza tena habari za watu wangu, isipokuwa siku ile ya fomu. Mtoto wa miaka tisa alijifunza mara moja tu, akajifunza vizuri mno.

Wiki hiyohiyo nilipewa jina la kuongeza kwenye jiwe la mji mmojawapo. Jina moja tu, la herufi nne. Nilifuata mstari kama kawaida, nikapulizia vumbi, nikapaka rangi ya dhahabu. Siku ya pili bosi alinichukua kwenye bakki, gari lake dogo la mizigo, kurudi makaburini, amekunja uso. "Mteja anasema umekosea."

Mteja alikuwa bibi mfupi, zaidi ya miaka themanini, amejishikilia kwenye fimbo, kitambaa cha buluu kichwani. Jina lake Gita. Mimi nilimwita Mama Gita mpaka mwisho, na hakulikataa.

Aliniuliza, "Wewe ndiye uliyeandika hapa?"

"Ndiyo, Mama."

"Unajua umeandika nini?"

"Hapana, Mama. Mimi nafuata mstari."

Akaweka kidole kwenye herufi ya pili. "Dada yangu aliitwa Hadasa. Herufi hii ilitakiwa iwe na pembe huku juu, nyuma. Wewe umeizungusha. Bila pembe ni herufi nyingine. Sasa jina halisomeki Hadasa tena. Linasomeka 'alibomoa'."

Bosi akaanza kueleza habari za kujaza gundi, kusawazisha, kuchonga upya. Mama Gita hakumsikiliza, alikuwa ananitazama mimi. Nikapiga magoti nikaangalia karatasi ya mchoro, nikaona kweli. Ilikuwa sehemu ndogo kama punje ya mchele. Lakini nikaona pia kitu kingine: kwa kuwa nilikuwa nimechonga pungufu, sikuwa nimeharibu. Pembe ilikuwa bado imo ndani ya jiwe. Ilihitaji kutolewa tu.

"Naweza kuimaliza sasa hivi," nikasema. "Mama akipenda kusubiri."

"Nimesubiri miaka sabini," akasema, akaketi kwenye kiti cha kukunja alichokuja nacho.

Bosi alituacha akaenda kwa mteja mwingine. Mimi nikaanza, polepole, kwa patasi ndogo kuliko zote. Kazi yenyewe ni ya dakika chache, lakini nilichukua karibu saa nzima kwa woga. Naye akaanza kuzungumza, sijui na mimi au na jiwe.

Aliuliza ninakaa wapi. Nikasema Berea. Akataka kujua jengo gani. Nilipomtajia akapiga fimbo chini. "Nilikulia humo! Ghorofa ya tatu. Lifti ina mlango wa shaba."

"Mlango upo," nikamwambia. "Lifti yenyewe sijawahi kuiona ikitembea."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanisimulia. Baba yake alitangulia kuja Afrika Kusini, akatafuta kazi na chumba, akatuma barua familia imfuate. Mama yake akaja na Gita, aliyekuwa na miaka minane. Hadasa alikuwa na kumi na mmoja, na siku za safari zilimkuta mgonjwa wa kifua. Wakamwacha kwa bibi yake, apone kwanza, aje mwaka unaofuata. Mwaka ukafuata mwingine, karatasi zikakwama, vita vikaanza.

"Walimalizwa kwa siku mbili," akasema. "Mji mzima. Waliowaua, wengine walikuwa majirani. Kuna shimo msituni nyuma ya mji. Sijawahi kwenda. Hapa ndipo ninapokwenda."

Nikaendelea kugonga taratibu.

"Habari zilipotufikia Berea, baba aliiondoa picha ya Hadasa ukutani. Hatukuwahi kujua aliipeleka wapi. Ikawa hatumtaji. Mama akimtaja, baba anatoka chumbani. Mimi nilianza kuisahau sauti yake, halafu uso. Jina nilibaki nalo kwa sababu nilikuwa naenda bafuni, nafungulia maji ya bomba, nalisema humo. Kila siku. Ili baba asinisikie."

Neema, nilikuwa nimepiga magoti, nyuma yangu kiti chake, na nilikuona wewe upande wa pili wa pazia. Mkono wangu ulisimama.

Akaniuliza, "Na wewe, watu wako wako wapi?"

"Walikufa, Mama."

"Wote?"

"Wote."

"Kwa nini?"

"Ugonjwa."

Akaihamishia fimbo mkono wa pili. Kisha akasema taratibu, "Ugonjwa mmoja, wote?"

"Ndiyo, Mama."

Hakuuliza tena. Nilipomaliza aliinuka, akapitisha kidole kwenye herufi zote nne, akarudia tena. Akaokota kijiwe chini, akakiweka juu ya jiwe kama wanavyofanya. Halafu akaokota kingine, akanipa mimi mkononi. Sikujua nifanye nacho nini. Nilikiweka kando ya kile chake, nikaondoka haraka nikakusanye vifaa.

Nilimwona mara nyingi baada ya hapo. Kila mwaka walipokusanyika, kabla ya siku yao kubwa ya kufunga, alimwomba bosi anitume nipake upya rangi ya dhahabu, ingawa haikuwa imefifia. Nilikaa mbali wakati wa sala zao, kofia kichwani kama walivyoniomba. Waliosimama mbele ya jiwe lile walikuwa kumi na wawili hivi mara ya kwanza. Kisha saba. Mwaka wa mwisho alikuja yeye na mjukuu wa mtu mwingine. Alipofariki mimi ndiye niliyechonga jiwe lake, na nilimwomba bosi anisomee kila herufi kabla sijaigusa. Lile swali lake sikuwahi kulijibu.

Sasa nikuambie ugonjwa ulikuwa upi.

Kijiji chetu kiliitwa Lusokwe. Kiko juu mlimani, mwendo wa saa sita kwa miguu kutoka Uvira. Mimi nilikuwa nimeshuka mjini kutafuta maisha, nina kibanda changu cha kutengeneza redio. Zilikuwa siku za vita, na wateja wangu wengine walikuwa watu wenye bunduki. Usiniulize wa upande gani. Pande zilikuwa nyingi, zilibadilishana.

Mmoja wao alikuja kuchukua redio yake asubuhi moja. Nikaiwasha, akairidhia, akaitia kwapani ikiwa bado inaimba. Akafika mlangoni, akarudi.

"Fundi, wewe ni wa Lusokwe?"

"Ndiyo."

"Usipande huko wiki hii."

"Kuna nini?"

"Nimekuambia usipande."

Akaenda zake. Nilielewa, Neema. Sitaki ufikiri kwamba sikuelewa. Nilifunga kibanda nikaanza kupanda. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na miguu mizima. Nilitembea kama saa mbili mpaka kwenye kijito cha kwanza, pale njia inapoanza kuwa nyembamba. Nikaketi kwenye jiwe kuvua viatu nivuke. Na nilipoketi, woga ukanijia. Wengi wanadhani woga ni kutetemeka na jasho. Wangu ulikuja na hoja, kwa utulivu kabisa. Huyu mtu alikuwa anajisifu tu. Ukifika utawatia watu hofu bure, waache mashamba yao. Watakuuliza umejuaje, watasema unashirikiana nao. Mvua inakuja. Nenda kesho.

Nikavaa viatu nikageuka.

Kwenye mteremko wa kurudi nilikutana na mama mmoja wa kwetu, Mama Sifa, anapanda kutoka sokoni, chumvi kichwani. Alifurahi kuniona. "Mbona unarudi? Twende, mama yako atafurahi."

Nikamwambia, "Nimesahau kitu mjini."

"Basi nimwambie nini?"

Alikuwa amesimama mbele yangu. Lilikuwa neno moja tu. Angeweza kurudi nami, au angeweza kulipeleka juu. Nikasema, "Wasalimie nyumbani."

Akapanda. Nilimwangalia mpaka alipopotea kwenye kona.

Kesho yake nilijiambia kesho. Siku ya tatu watu wa mjini walitoka nje kuangalia moshi. Ulikuwa mwingi, umesimama wima, maana hapakuwa na upepo. Walionusurika waliposhuka walisema watu walikuwa wamekusanywa kanisani. Sikusubiri kusikia zaidi. Sikupanda kuzika. Usiku huo nilivuka ziwa, na kuvuka huko sikukumaliza mpaka nilipofika Johannesburg. Waliozika ni wengine.

Mama yako anajua kwamba waliuawa. Habari za mteja wa redio na za Mama Sifa alikuwa hazijui. Nimemwambia leo asubuhi tu, kabla sijaanza kukuandikia. Ndiyo maana uliona hajala. Na macho yake yakiwa mekundu, asikuambie ni kitunguu.

Kuna kosa jingine juu ya hilo, na kwa hili siwezi kuusingizia ujana. Miaka michache baada ya ile siku ya makaburini, Mama Gita akiwa bado hai, nilipigiwa simu kutoka Uvira. Alikuwa Byamungu, tuliyesoma naye shule ya msingi Lusokwe. Alinusurika kwa sababu alikuwa amekwenda kuchota maji. Walionusurika walikuwa wamechanga, wanajenga ukuta mdogo wa saruji pale kanisa lilipokuwa, waandike majina. "Nyumba yenu hakuna aliyebaki isipokuwa wewe," akasema. "Tunakutegemea wewe. Nitajie."

Nikamjibu, "Byamungu, mambo hayo mimi nimeshayafunga."

"Hata jina la mama yako?"

"Nimeshayafunga," nikasema, nikakata simu.

Asubuhi yake nilikwenda kazini, nikachonga majina ya watu wa Lithuania mpaka saa kumi jioni. Sikuona ajabu yoyote. Mtu anaweza kuishi hivyo miaka mingi, mwanangu, nakuapia, na akaimba kanisani, na watu wakamsifu kwa upole wake. Ukuta ukajengwa. Ukaandikwa watu wa nyumba zote, isipokuwa nyumba yetu.

Nilipokuona ukiandika "malaria" nilikaa siku nne. Ya tano nikampigia Byamungu. Namba ilikuwa ileile. Nilitoka nje, nikasimama nyuma ya nyumba karibu na tangi la maji, nikamwambia yote: mteja, kijito, viatu, hoja zangu. Nikafika kwa Mama Sifa. Nilijua ninamwambia nani, maana Sifa alikuwa dada yake mkubwa. Yule mwenye chumvi kichwani alikuwa mama yake.

Nilisikia kuku upande wake.

Kisha akasema, "Alifika nyumbani akasema amekutana nawe. Alisema umenenepa, mji umekukubali. Alifurahi."

Nikasema, "Nisamehe." Sikuweza kupata neno jingine, na lile lilisikika dogo mno.

Hakusema amenisamehe. Wala hakunitukana. Akasema, "Nina kalamu hapa. Taja."

Nikataja, na sasa nakutajia wewe, kwa mpangilio uleule.

Nabintu, mama yangu. Huyu ndiye bibi yako. Alikuwa mrefu, na alikuwa na hasira za karibu. Alinipiga kwa mwiko nikiwa na miaka ishirini kwa kumjibu vibaya mgeni. Alipanda vitunguu kuliko mtu yeyote mlimani kwetu, na hakuvila, alisema vinamlemea.

Amani, mdogo wangu. Miaka kumi na sita. Alitaka nimfundishe redio. Nilimwambia asubiri amalize shule.

Furaha, dada yangu. Uliniuliza zamani shangazi yako alipenda nini. Alipenda kusuka nywele za watu huku akiwasema wengine. Ungekaa miguuni kwake ungejua siri za kijiji kizima kabla hajafika utosini. Unacheka kama yeye, kwa kuinua bega moja. Mara nyingi umecheka nikatoka chumbani, ukadhani nimekasirika.

Esperance, binti wa Furaha. Miaka minne. Aliogopa bata.

Byamungu aliandika, alikuwa anarudia kila jina taratibu. Kisha akasema, "Furaha alikuwa na mtoto mwingine. Mdogo. Namkumbuka mgongoni."

"Ndiyo. Wa kiume."

"Aliitwa nani?"

Nikafungua mdomo.

Neema, sikuwa nalo. Nilisimama pale kwenye tangi nikatafuta. Nilidhani limejificha tu, kwamba nikitulia litakuja. Byamungu alisubiri. Nikamwambia nipe dakika, akanipa. Nilitaja majina ya wajomba, ya mitume, ya siku za wiki, kama mtu anayejaribu funguo. Nikamwuliza yeye, akasema hakuwahi kulijua. Hakuna mwingine wa kuuliza. Wote waliokuwa wakimwita jina lake walikuwa naye kanisani. Nilikuwa nimebaki mimi peke yangu duniani niliyelijua, nikalifungia pamoja na mengine, na nilipofungua lilikuwa limekwisha.

"Basi tutaandika 'Mtoto'," akasema Byamungu. Akakata simu.

Tangu siku hiyo hajapokea simu zangu. Ninapiga kila Jumapili baada ya ibada, inaita mpaka mwisho. Simlaumu. Wiki iliyopita alinitumia picha, bila neno lolote. Ni ukuta, na chini kabisa kuna saruji mpya yenye rangi tofauti na ya juu, na mistari mitano imeandikwa kwa msumari kabla haijakauka. Nimeiweka ndani ya bahasha hii, nimeichapisha kwenye karatasi nzuri.

Sikuandikii ili unihurumie, wala ili uanze kuyabeba. Wewe hukuwepo, na si mzigo wako. Nakuandikia kwa sababu unakwenda kukaa peke yako kwenye nchi ambayo hakuna anayekujua, na nisingetaka nyuma yako kuwe na watu niliowatunga mimi. Eliza, Tereza na Yohana wafute. Ukinikasirikia, kasirika. Nitaipokea simu yako hata ukinipigia kwa hasira, na swali lolote utakaloniuliza nitalijibu, hata likinichukua siku nne.

Kesho uwanja wa ndege sitaweza kusema haya. Nitakuuliza kama pasipoti iko karibu, nitakubebea sanduku, nitamwambia mama yako aache kulia. Utaisoma barua hii huko juu.

Bado namtafuta yule mdogo. Kazini, nikiwa nachonga, huwa najaribu kulishtukiza jina lake, najifanya siliwazi. Vitu vingine vyake ninavyo. Nakumbuka alikuwa na meno mawili tu, ya chini. Nakumbuka nilipokwenda kuwaaga mara ya mwisho Furaha alinipa nimshike, akanikamata kidole gumba akakitia mdomoni, akauma, na sote tukacheka, na dada yangu akamwita kwa jina lake ili aniachie. Namwona Furaha akifungua mdomo. Naiona midomo yake ikitembea.

Nenda salama, mwanangu.

Papa yako